SHERIA YA VYOMBO: MSUMENO UNAOKATA UPANDE MMOJA

Mimi ni mtu wa kisiwani kama nyinyi, lakini riziki imenivuta bara. Duka langu liko Mugoma, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, ambako nchi ya Burundi ni jirani wa mlango kwa mlango. Hapa hapana bahari wala ziwa. Maji yetu ni mito: Ruvubu utokao Burundi, na Kagera ambao Ruvubu huungana nao karibu na maporomoko ya Rusumo, kisha huenda ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Basi msomaji wa kisiwani aweza kuuliza: Huyu muuza chumvi wa milimani ana lipi la kutuambia sisi juu ya vyombo, ilhali sisi tumezaliwa na makasia mikononi?

Nitamjibu kwa neno la wazee wetu: maji ya kifuu bahari ya chungu. Mtu hufa maji mtoni kama afavyo maji mkondoni Nungwi, na sheria inayomhukumu mwenye mtumbwi wa Ruvubu kwa jumla yake ndiyo inayomhukumu mwenye mashua wa kwetu, ijapokuwa bara ina afisi yake na visiwa vina afisi yake. Khabari ninayoileta leo, kwa hiyo, ni yetu sote.

Khabari yenyewe ni hii. Wakubwa wamekuwa wakihubiri, khasa kila baada ya msiba, kwamba mwenye chombo kidogo ni lazima akiandikishe, akikaguze, akikatie leseni, na asiyetii atashitakiwa. Mimi sipingi. Nasema tu kwamba sheria ni msumeno, na msumeno wa kweli hukata mbele na nyuma. Huu tulio nao, kwa miaka mingi, umekuwa ukikata upande mmoja: upande wa mnyonge.

Niruhusuni nianze na duka langu, kwani ndilo nilijualo. Juu ya meza yangu pana mizani. Kila mwaka mizani ile ni lazima ikaguliwe na watu wa Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Nikikutwa nayo haina chapa, au nikikutwa inapunja, nashitakiwa, wala hapana atakayenisikiliza nikisema kwamba ni robo kilo tu ya sukari. Nami sijapata kulalamika. Najua kwamba mama aletaye shilingi zake dukani hana njia ya kujua kama nampunja au simpunji. Chapa ile ndiyo macho yake. Tena nawasifu watu wa vipimo kwa jambo moja: wao hutufuata sisi wenye maduka huku tuliko. Hawatuambii tubebe mizani vichwani tukaitafute afisi yao.

Sasa tazameni sheria ya vyombo. Kwa asili yake ni sheria ya mizani, na ni njema. Kwa huku bara msingi wake ni Sheria ya Meli ya mwaka 2003, na tangu 2018 msimamizi wake ni Shirika la Uwakala wa Meli, liitwalo TASAC. Kwetu visiwani pana Sheria ya Usafiri wa Baharini ya mwaka 2006, na Mamlaka ya Usafiri Baharini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mambo yanayotakiwa si mageni kwa mtu yeyote aliyepata kushika usukani. Chombo kiwe na mwenyewe anayejulikana, aliye na hati ya kukimiliki. Mkaguzi akitazame mbao zake, injini yake na vifaa vyake. Kipimwe, kisha ielezwe ni watu wangapi na mzigo kiasi gani kinaweza kuchukua. Kiandikwe jina au namba ubavuni. Kiwe na maboya ya kuvaa kwa kila aliyemo, na taa kikisafiri usiku. Anayekiendesha awe anaijua kazi. Mambo haya hayamhusu mchukuzi wa abiria peke yake, kwani hata mashua ya matembezi, ichukuayo watu kwa furaha yao siku ya sikukuu, haikusamehewa. Mawimbi hayaulizi kama mtu anakwenda sokoni au anakwenda kucheza ngoma.

Hayo yote ni haki tupu. Dhulma yaanzia katika namna yanavyotendwa.

Yuko kijana mmoja wa kata yetu, fundi seremala, ambaye mjomba wake alikuwa mvuvi Chato. Wasomaji wajue kwamba Chato zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, na ndiyo iliyokuwa mlango wa Biharamulo wa kutokea ziwani, kabla ya kuwa wilaya mbali na kisha kuingizwa katika mkoa wa Geita mwaka 2012. Kijana huyu alinunua kwa mjomba wake mashua ya mbao, akaitengeneza upya kwa mikono yake, akaipaka rangi, akaifunga mabenchi na kivuli cha turubai. Nia yake ilikuwa kuwatembeza watu mtoni: maharusi, wanafunzi, na wageni wapitao njia ya Rusumo wakitaka kuona maji. Alikuja dukani kwangu kununua kamba, akanieleza kwa furaha kwamba hataki kufanya kazi ya wizi; anataka chombo chake kiwe na karatasi.

Akaenda afisi ya kwanza, akaulizwa kama ni mashua ya kuvulia samaki. Akasema siyo. Akaambiwa hapa ni mahali pa uvuvi. Akaenda ya pili, akaulizwa kama ni kivuko. Akasema siyo, ni ya matembezi tu. Akaambiwa basi aende mji wa ziwani, na kwa mtu wa Ngara huko ni kuondoka alfajiri na kufika jua likizama. Akaenda. Akapewa fomu na makaratasi, akaambiwa ayajaze arudi, na kwamba mkaguzi atakuja siku ambayo haikutajwa. Akaniletea makaratasi yale akasema, "Ustadhi, nisomee." Mimi kusoma kwangu nilikuanzia chuoni kwa Kurani, nikaongeza Kiswahili, na hesabu nikafundishwa na duka. Nikayageuza juu chini. Yote yalikuwa Kiingereza. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa mimi na wewe tu sawasawa."

Akasafiri mara nne. Nauli aliyoitoa ingemnunulia maboya ya kuvaa ya watu wote wa mashua ile. Mkaguzi hakutokea. Leo mashua imefunikwa kifudifudi chini ya mparachichi, na kuku hutaga humo. Na katika mto ule ule alioukusudia, mitumbwi ya gogo isiyo na namba, isiyo na boya hata moja, inavusha watu kila siku ya Mungu, wala hapana anayeiuliza kitu. Aliyetaka kutii ndiye aliyezuiwa, na asiyejishughulisha ndiye anayepita.

Watu wengine watasema: Hilo ni jambo dogo, ni kijana mmoja na mashua moja. Basi tuyatazame makubwa.

Siku ya Alhamisi, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe. Kivuko hicho hakikuwa cha seremala wala cha mvuvi. Kilikuwa mali ya Serikali, kikiendeshwa na wakala wa Serikali, kikikaguliwa na mamlaka ya Serikali. Karatasi zake zilisema kinachukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Yaani wafu walizidi mara mbili ya idadi ya wazima walioruhusiwa kupanda! Na ngapi jumla walikuwamo, haikujulikana kwa hakika.

Zikapita siku 65. Siku ya Jumamosi, 24 Novemba 2018, katika ziwa lile lile, upande wa Uganda, pwani ya Mukono, ilizama mashua ya starehe iliyokuwa imejaa watu wakicheza muziki. Zaidi ya 30 walikufa. Wakubwa wa Uganda walieleza kwamba chombo kile hakikuwa na leseni, kilikuwa kibovu, na kilipakia kupita kiasi. Uganda wakati ule bado ilikuwa ikitawala maji yake kwa sheria za mkoloni za mwaka 1904, 1905 na 1939, na ilikuwa mwaka 2021 ndipo ilipotunga sheria mpya ya usafiri wa majini kuziondoa zile.

Wekeni misiba hii miwili katika sahani mbili za mizani, ndugu wasomaji. Kimoja ni chombo kilichokuwa na karatasi, na kingine ni chombo kisichokuwa na karatasi. Vyote viwili vimezama, na vyote viwili kwa sababu moja: watu walikuwa wengi kuliko chombo, na hapana aliyesimama gatini akasema basi, imetosha. Basi karatasi haielei. Kinachookoa ni ile hesabu iliyoandikwa juu ya karatasi, ikiwa yuko mtu wa kuisimamia.

Wala hayo hayakuwa ya kwanza. Sisi wa Kagera hatujasahau 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya shirika la umma. Waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, na wengi husema walizidi 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Fikirini maana yake. Aliyelipa zaidi ana jina, na aliyelipa kidogo hata jina hakuandikiwa, akafa kama hakupata kuwapo. Hii ndiyo sheria ya upande mmoja ninayoisema.

Na kwetu kisiwani, nani hajui usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011? MV Spice Islander, iliyokuwa ikienda Pemba, ilikuwa na ruhusa ya abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Meli ile haikuondoka kwa siri usiku katika kichaka cha mikoko. Iliondoka bandarini, mbele ya taa, mbele ya afisi, mbele ya watu waliolipwa mshahara wa kuhesabu. Hata mwaka haujapita, 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Mimi nauliza: seremala wa Mugoma, ambaye mashua yake haijapata kugusa maji, ni ya nani dhambi anayolipishwa?

Sasa nakuja kwenye jambo linaloumiza zaidi, nalo ni bendera. Kuandikisha chombo si kupata namba tu. Chombo kikiandikishwa hupata haki ya kupepea bendera ya nchi. Katika mwaka 2012 ilifichuka kwamba meli 36 za mafuta za Iran, zilizokuwa zikikimbia vikwazo vya mataifa, zilikuwa zikitembea duniani kwa bendera ya Tanzania. Zilikuwa zimeandikishwa katika daftari la meli za nje la Zanzibar, kwa mkono wa wakala aliyekaa Dubai. Serikali ikazifuta baada ya Marekani kupiga kelele. Miaka ikapita, na mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 yakatokea tena: meli moja yenye bendera yetu ikakamatwa huko Amerika na madawa ya kulevya, na nyingine ikazuiwa Ugiriki na vitu vya kuripukia vilivyokuwa vikipelekwa Libya. Januari 2018 Serikali ikasimamisha uandikishaji wa meli za nje.

Meli zile hazikupata kutia nanga Malindi wala Mtwara wala Mwanza. Mabaharia wake hawakupata kula ugali wetu. Mwenyewe hakusafiri mara nne kwa basi kutoka Ngara. Alilipa, akapewa bendera, akiwa amekaa kitini katika mji mwingine. Lakini mwana wa nchi hii, aliyeikata mbao kwa msumeno wake mwenyewe, huulizwa maswali mpaka mashua yake ikawa banda la kuku. Hapana nchi inayojiheshimu inayofanya bendera yake kuwa nyepesi kwa mgeni na nzito kwa mwenyeji.

Najua watakavyojibu. Watasema: Mwataka vyombo vidogo viachwe huru, watu wafe. Huo ni uzushi. Nimekwisha kuitaja mashua ya Uganda, na ni ushahidi wa kutosha kwamba chombo cha starehe kisichokaguliwa ni jeneza lenye muziki. Twataka sheria kali. Lakini ukali ni kitu kimoja, na usumbufu ni kitu kingine. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichotwa, ilifungua tangu mwaka 1983 daftari la vyombo vidogo peke yake. Mwenye mashua ya matembezi iliyo chini ya meta 24 hujaza maombi mafupi, akapewa cheti cha miaka 5, na asiyetoka katika maji ya nchi hiyo halazimishwi hata kujiandikisha humo. Sisemi tuige kila kitu, kwani wao wana vikosi vya uokozi pande zote za pwani yao nasi hatuna mfano wake. Nasema tu kwamba waliotuachia sheria hizi wao wenyewe wamejua kuwa mashua si meli, na kwamba njia ya mdogo iwe fupi.

Wengine watasema: Wenye mitumbwi ni watu wajinga, hawapendi sheria. Mimi nitawakumbusha asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai na 19 wakafa. Siku ile hapana aliyewauliza wavuvi wale kama wana leseni. Walisifiwa, na wamestahili. Lakini watu wanaotegemewa siku ya msiba wastahili pia kuheshimiwa siku ya afisi.

Basi sisi twataka nini? Twataka mambo matano, wala hayahitaji hazina kubwa.

La kwanza, lugha. Sheria ya mwaka 2003 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lenyewe lilipitisha kwamba lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili. Hilo lisikae Dodoma. Masharti ya kuandikisha chombo, pamoja na ada yake kwa shilingi, yabandikwe kwa Kiswahili katika kila mwalo, kila gati, na kila afisi ya kata iliyo na mto. Ada isiyobandikwa ni mlango wa rushwa.

La pili, mkaguzi amfuate mwenye chombo. Kama watu wa vipimo wanaweza kuifuata mizani yangu Mugoma, mkaguzi wa vyombo anaweza kufika Ngara na Biharamulo kwa siku zinazojulikana mapema, na kila mwenye mashua akamkuta hapo.

La tatu, idadi ya watu iandikwe ubavuni mwa chombo kwa tarakimu kubwa, hata mtoto wa darasa la pili aisome. Isiwe siri ya nahodha na afisi. Na orodha ya majina, ya daraja zote, ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa.

La nne, mpimaji asiwe nyumba moja na muuzaji. Mimi sijipigii chapa mizani yangu mwenyewe. Kwa nini kivuko cha Serikali kikaguliwe na Serikali, na kikizama Serikali hiyo hiyo ijichunguze? Pawe na wakaguzi wasiotegemea idhini ya mwenye chombo, na chombo cha Serikali kikizidisha abiria hata kumi, nahodha na mkubwa wake wapelekwe mahakama ile ile anayopelekwa mwenye mtumbwi.

La tano, mashua ya matembezi ipewe njia yake. Isitupwe mara kwa watu wa uvuvi, mara kwa watu wa vivuko. Fomu moja, afisi moja, ada ndogo, ukaguzi wa kweli, na jawabu ndani ya siku zinazohesabika.

Ndugu wasomaji, msisubiri Wakubwa. Kila mmoja wetu ana sauti mahali chombo kinapofungwa kamba. Ukiona watu wamezidi, shuka na mtoto wako, na useme kwa sauti kwa nini unashuka. Atakayekucheka leo huenda akakushukuru kesho.

Mizani yangu ikipunja robo kilo, mteja hurudi kesho akanigombeza, na mimi humlipa. Chombo kikipunja hesabu ya watu, mteja harudi. Kwa hiyo nani kati yetu alistahili kukaguliwa kwanza?

Mwenye duka, Mugoma